Kikapu Kisichofungwa Mdomo

Hapo zamani, na msianze kutafuta zimwi, maana zamani yangu hii ina lami na vituo vya mafuta, palikuwa na baba na bintiye. Baba aliitwa Gervas Ngonyani, Mngoni wa Songea, fundi wa majokofu mjini Dar es Salaam. Binti aliitwa Kandida. Alizaliwa Dar, akakulia Dar, na Songea aliijua kwa kusimuliwa tu.

Gervas alikuwa baba wa kutoka mtoto hajaamka na kurudi mtoto kalala. Si mbaya, hapana. Kazi tu. Kandida alimjua zaidi kwa harufu ya shati lake kuliko kwa maneno yake. Basi ilipofika likizo ya mwezi wa sita, Gervas akanunua kigari kikuukuu, akakipigapiga hadi kikakubali kuwaka, akasema, "Kandida, tunakwenda kwa bibi yako. Na hatuendi kama mizigo ndani ya basi. Tutasimama kila penye watu. Nataka uione nchi yako."

Wakaenda. Wakasimama Chalinze, wakala mishikaki, baba akawatania wachomaji, wachomaji wakacheka, wakapanda gari, wakaenda. Wakasimama Morogoro, wakanunua machungwa, baba akamtania muuzaji, muuzaji akacheka, wakapanda gari, wakaenda. Mikumi wakapunguza mwendo, twiga akawatazama, baba akamtania hata twiga. Twiga hakucheka, lakini Kandida alicheka mpaka akapaliwa na chungwa.

"Baba, kumbe wewe mchekeshaji!"

"Hukujua?"

"Ningejuaje?"

Gervas aliposikia hivyo akaongeza mwendo.

Wakapanda milima ya Kitonga, gari likilalamika kila kona, wakatokea Ilula. Pale barabarani nyanya zimepangwa mafungu, nyekundu upande huu na upande ule. Gervas akaegesha gari, akamgeukia bintiye.

"Sasa sikiliza. Hapa tumeingia Uhehe. Wahehe ni watani wetu Wangoni. Babu zetu walipigana nao mpaka wakachoka wote, wakaona heri kutukanana kuliko kuchomana mikuki. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, akachukua na kitu chako, nawe ukacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Shuka uone baba yako anavyofanya."

Wakashuka. Nyuma ya fungu la mwisho aliketi mama mmoja, Mama Lusungu, kitenge mabegani kwa baridi. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha milulu, yale majani ya bondeni wanayosukia vikapu huko. Kilikuwa kimesukwa vizuri ajabu, ila mdomo wake haukuwa umefungwa. Ncha za milulu zilikuwa zimesimama wima pande zote, na ndani yake mlikuwa na kanga iliyokunjwa.

"Kamwene, Mhehe!" Gervas akapaza sauti, akisalimia kwa Kihehe. "Bado mnahema tangu tulipowakimbiza?"

Mama Lusungu akaruka juu kama msichana. "Kamwene! Jamani, ficheni vitu, Mngoni kaja! Babu zako waliiba ng'ombe, wewe umekuja kuiba nini?"

"Nyanya zako!"

"Nyanya lipia, mwizi wewe!"

Wakapimiana maneno pale, wauzaji wote wakasogea, vicheko vikajaa barabara. Gervas akalipia nyanya, akalipia zote, kisha akaona hana cha kubebea. Akakiona kikapu. Akaitoa ile kanga, akamtupia mwenyewe begani, akajaza nyanya, akasema, "Mtani hapewi mfuko wa plastiki. Mtani anachukua na kikapu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Lusungu naye akacheka, akapiga makofi, akasema, "Nenda nacho, mwizi! Nenda! Nilishajua hamjaacha tabia!"

Mmecheka? Chekeni. Hata mimi niliposimuliwa nilicheka.

Wakapanda gari, wakaenda. Lakini Kandida aligeuka, akatazama kupitia kioo cha nyuma. Akamwona Mama Lusungu amesimama palepale. Kicheko kimemwisha. Ameishika ile kanga kwa mikono miwili, ameuficha uso wake ndani yake, na mabega yanamtikisika. Yule hakuwa anacheka tena, na Kandida aliliona hilo.

Akafungua kinywa aseme. Akamtazama baba yake. Baba alikuwa anaimba huku anapiga usukani kwa kiganja, amefurahi jinsi ambavyo Kandida hakuwahi kumwona tangu azaliwe. "Umeona, mwanangu? Umeona utani?"

"Nimeona, baba," akasema Kandida.

Wakasimama Mafinga, hakusema. Wakasimama Makambako, hakusema. Njombe baridi ikamwingia mpaka kwenye mifupa, baba akavua koti lake akamvika, na hapo ndipo kusema kulipozidi kuwa kugumu.

Songea wakapokewa na Bibi Eusebia, mama yake Gervas. Macho yalikuwa yameanza kumfifia, lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Gervas akampa kikapu na nyanya zake. Miaka na miaka mwanawe huyu alikuwa akituma salamu tu. Leo amekuja mwenyewe, na zawadi mkononi.

Bibi akakipapasa kikapu nje, akakipapasa ndani, akafika mdomoni, vidole vikasita.

"Umekinunua, mwanangu?"

"Nimepewa na mtani, mama."

Bibi alikuwa msukaji tangu utoto wake. Alijua kwamba hakuna msukaji anayetoa kikapu ambacho hajakifunga mdomo. Asiyekifunga ana sababu. Neno lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akasikia mwanawe anavyopumua kwa furaha mbele yake, akalimeza.

"Kizuri," akasema. "Nitakimalizia mwenyewe, kiwe changu."

Asubuhi moja akaketi uani, akamwita Kandida amsaidie kuona. Akafunga mdomo kwa majani ya kwao, ambayo ni meusi kuliko milulu, akapinda na kukaza, akapinda na kukaza. Kandida ndiye aliyempa majani, moja baada ya moja. Ncha zilipobaki zimechomoza, Bibi akampa wembe, akasema, "Kata, mjukuu wangu, mimi nitajikata kidole."

Kandida akaushika wembe. Akakata ncha zote.

Likizo ikaisha. Bibi Eusebia akaambiwa macho yake yatatazamwa Dar, akapanda gari, akaketi mbele, amepakata kikapu chake kimejaa unga wa ulezi. Kandida akaketi nyuma. Wakasimama Njombe, wakasimama Makambako, wakasimama Mafinga, na kila waliposimama Kandida alizidi kujikunyata. Ilula ilipokaribia akasema, "Baba, tusisimame hapa."

"Tusisimame kwa mtani wangu? Una homa wewe?"

Akaegesha, akapiga honi. "Kamwene! Mwizi wenu amerudi!"

Mama Lusungu akaja mbio anacheka, matusi yake tayari mdomoni. Akafika dirishani. Akaona kilichokuwa mapajani mwa Bibi. Matusi hayakutoka.

"Naomba nikishike, mama," akasema.

Bibi akaumwaga unga kwenye kitenge chake, akampa. Mama Lusungu akaupitisha ukingo wote chini ya kidole gumba, duara zima, ule ukingo mweusi.

"Nani amekifunga?"

"Mimi," akasema Bibi, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo. "Kilikuwa nusu."

Mama Lusungu akaketi chini, palepale kwenye kokoto. Akasema bila kupaza sauti, "Binti yangu Lusungu alikuwa anakisuka. Alifika hapo mdomoni, akasema, 'Mama, kichwa kinaniuma, nitamalizia kesho.' Hakumalizia. Mimi nilikuwa nakaa nacho hapa barabarani, nagusa zile ncha. Pale ndipo mkono wake ulipoishia."

Gari la mizigo likapita, likawarushia vumbi.

Gervas ndiye aliyeanza, na alianza vibaya. "Lakini mama, ulicheka! Ulinipigia makofi! Ungesema neno moja tu..."

"Ningelisemaje? Siku ya kumzika Lusungu, waliochimba kaburi ni watani, Wangoni kama wewe. Walinitania kaburini mpaka nikacheka nikiwa na machozi. Bila wao ningeingia shimoni pamoja naye. Halafu aje Mngoni mbele ya watu wote, nimnyime kikapu? Nimkasirikie mtani?"

Gervas akainamisha kichwa kwenye usukani. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Akasema, "Kosa ni langu. Kanga niliitoa kwa mkono wangu. Ncha niliziona zimesimama. Nilitaka mwanangu anione mimi ni mtu wa watu, na sikumtazama mtu mwenyewe niliyekuwa namchukulia."

"Si lako," Kandida akalia kutoka nyuma. "Baba hakujua. Mimi nilijua! Nilimwona analia kwenye kioo, nikanyamaza njia nzima. Kisha nikazikata zile ncha kwa wembe. Mimi ndiye niliyezikata!"

"Wewe ni mtoto, ulikata nilichokutuma," akasema Bibi Eusebia, na majivuno yote yalikuwa yamemtoka. "Mimi ni msukaji. Vidole viliniambia kikapu hiki kina mwenyewe, nikavinyamazisha, kwa sababu nilitaka zawadi ya mwanangu. Baba yako angekirudisha kilekile. Nilichokifanya mimi hakirudishiki."

Na kweli hakirudishiki. Ukifungua mdomo ule, majani yanavunjika, na zile ncha ziko jaani Songea.

Mama Lusungu akawasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine. Huwa watu wanasukumiana kosa, lile likawa kosa linalogombewa. Mwisho akawaambia, "Msinililie wote. Zikija samahani tatu zitakuwa kelele tu, nami nimechoka na kelele za barabara. Nitapokea moja. Mwenye kosa na ashuke, aje aketi hapa chini pamoja nami. Wengine wabaki garini." Akaushika tena ukingo mweusi. "Na kama mwenye kosa ni mimi niliyecheka, niambieni, niinuke nikafunge nyanya zangu."

Gervas akashika mlango. Kandida akashika mlango. Bibi Eusebia akapapasa kitasa, asikione. Wote watatu wakasita, maana kila mmoja aliogopa kumpokonya mwenzake aibu iliyo yake.

Mama Lusungu yuko pale kwenye kokoto, kikapu mapajani, anangoja. Nami sina mkono wa kuwafungulia mlango. Nanyi mliocheka pale kikapu kilipochukuliwa, msinitazame mimi, tazameni kule garini mniambie: je, nani alistahili kushuka?