Seng'enge ya Bwana Mhina

Malisho ya Bwana Mhina, tajiri wa ng'ombe aliyeishi mjini, yalilizunguka shamba la mjane Bi Nakijwa pande tatu. Upande wa nne ilikuwa nyumba ya mjane. Siku moja tajiri alimjia pamoja na mwenyekiti wa kijiji.

"Naweka seng'enge, na waya umepanda bei. Toa nusu ya gharama. Kama huna, niuzie shamba."

Bi Nakijwa akapiga magoti. "Baba, seng'enge siitaki. Mbuzi wangu watapita wapi kwenda mtoni? Nakuomba mbele ya mwenyekiti, usiiweke."

Moyo wa Mhina ukaburudika. Mbuzi wakishikwa na kiu, mjane atauza tu. Akaleta nguzo na waya, akaziba pande zote tatu, huku Bi Nakijwa akilia hadi mafundi wakamwonea huruma.

Kazi ilipokwisha, akaja kudai nusu yake.

"Mwenyekiti alinisikia nikikataa," alisema mjane. "Nani hulipia alichoomba kisiwekwe?"

"Haya, tuone mbuzi wako watakunywa nini."

"Mbuzi gani, baba? Mimi nina mahindi tu, na ng'ombe wako walikuwa wakiyamaliza kila mwaka."