Pimbi, Liwali Kiboko na Papai la Ng'ambo

Paukwa.

Pakawa.

Wale wa nyuma sikuwasikia. Mmekuja kusikiliza au mmekuja kuanika miguu? Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na mto. Chakula kikakaa upande ule, njaa ikakaa upande huu.

Tuvushe!

Haya, nawavusha. Pandisheni nguo zenu, maji yanafika magotini.

Palikuwa na mto uliokuwa ukiitwa Mbwemba. Upande wa huku ilikuwa nchi ya mawe, ukipanda mbegu inarudi kukuuliza umeitupa wapi. Upande wa ng'ambo ilikuwa nchi ya matunda: mapapai, mapera, maembe, matopetope. Kwa hiyo wanyama wa huku walivuka asubuhi na vikapu vitupu, wakarudi jioni na vikapu vimejaa. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kivuko kilikuwa kimoja tu, na bwana wa kivuko alikuwa Liwali Kiboko. Huyu hakufanya kazi serikalini. Yeye ndiye alikuwa serikali. Akiingia majini, basi serikali imeingia majini, na ninyi wengine mnasubiri mawimbi yatulie.

Siku moja Liwali akatoa amri. Alisema kuanzia siku ile kitu chochote kinachooza kisivushwe kutoka ng'ambo, kiwe ndani ya gunia, ndani ya kikapu, ndani ya pakacha, au ndani ya chombo kingine chochote. Wakamuuliza kwa nini. Akasema ni kuwalinda wakulima wa nyumbani. Sasa, mkulima wa nyumbani alikuwa mmoja, naye ni Ngiri, shemeji yake Liwali, na shambani kwake kulikuwa na matango pori machungu kiasi kwamba hata inzi wakitua walikuwa wanaondoka wakitema mate.

Matunda yakazuiwa ng'ambo, kwenye banda la ukaguzi. Liwali aliyakagua mwenyewe. Aliyakagua kwa mdomo. Yaliyokuwa mazuri sana aliyakagua mpaka yakaisha.

Wanyama wakasema twende mahakamani.

Mahakama ilikuwako, tena nzuri. Ilikaa ng'ambo, alfajiri jua likichomoza, juu ya kichuguu. Hakimu alikuwa Kakakuona, na alipapenda kichuguuni kwa sababu akimaliza kusikiliza kesi alikuwa anakunywa chai palepale kwa mchwa. Alikuwa mtu wa haki. Ila alikuwa na maradhi yake: akishtuka, alijikunja. Fyu! Anakuwa mpira wa magamba, pua ndani, mkia juu, na akishajikunja hakuna wa kumkunjua mpaka hofu imtoke mwenyewe. Na mahakama ikijikunja, kesi inaahirishwa.

Liwali aliyajua maradhi hayo kuliko mganga.

Akaenda Bi Kanga kushtaki kwa ajili ya maembe yake. Liwali akapiga mwayo. Hakimu akajikunja. Maembe yakaoza. Hakimu alipojikunjua siku ya tano, Liwali akamwonyesha lile banda linavyonuka, na Hakimu akasema imethibitika kwamba maembe huoza, kwa hiyo marufuku ni halali.

Akaenda Nungunungu kushtaki kwa ajili ya mapera yake. Liwali akapiga mwayo. Hakimu akajikunja. Mapera yakaoza. Imethibitika.

Wakaenda Kima kumi na wawili kwa pamoja, wakidhani wingi ni hoja. Mwayo. Fyu. Yakaoza. Imethibitika.

Watu wakachoka. Wakaanza kula matango ya Ngiri, wakafumba macho na kumeza.

Basi upande wa huku, miambani, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni kama sungura aliyesahau masikio nyumbani. Mdogo, hana mkia, kazi yake kubwa ni kulala juu ya jiwe kuota jua. Alikuwa na binti mmoja, Mashavu, na Mashavu alikuwa mgonjwa. Fizi zilimvimba, mdomo ulijaa vidonda, hakuweza kutafuna. Tango la Ngiri likimgusa ulimi alilia bila sauti. Mganga alikuja akamtazama, akasema hili halitaki mzizi wala hirizi, linataka tunda bivu, na linatakiwa leo au kesho, keshokutwa usiniite mimi, uite wachimba kaburi.

Pimbi akavuka mto na kikapu kitupu. Ng'ambo akachuma papai moja, kubwa kuliko kichwa chake, lenye njano upande mmoja na kijani pande nyingine. Askari wa kivuko, Sajini Mamba, akalizuia palepale ukingoni.

Wenzake wakamwambia ale papai lile hukohuko, angalau mmoja ashibe. Pimbi akakataa. Hakutia kitu mdomoni, wala jani, tangu mchana wa siku ile. Akalala kando ya kikapu chake akingoja mahakama.

Alfajiri ikafika. Hakimu akapanda kichuguu. Liwali akatokea mashambani, tumbo limejaa kama gunia la pamba, anatembea pole, maana kila usiku alikula majani mabichi ya ng'ambo hadi kukucha, kisha akapitia mahakamani, kisha akarudi nyumbani majini kulala. Huku kwetu majani hayakuwako, ila mawe.

Liwali alipomwona mshtaki wa leo, akamuuliza Hakimu kama kesi imeshaanza au bado wanamsubiri mshtaki akue.

Watu wakacheka. Pimbi naye akacheka, kwa adabu. Halafu akasema, "Mheshimiwa Hakimu, kabla hatujaanza nina ombi dogo."

"Sema, ndugu."

"Naogopa nisije nikasingiziwa kwamba nimevusha papai kwa magendo wakati kesi inaendelea. Naomba hali ibaki kama ilivyo. Kitu chochote kinachooza kilichoko ng'ambo hii kibaki ng'ambo hii, kiwe ndani ya chombo chochote, mpaka utakapotoa hukumu."

Wanyama wakatazamana. Bi Kanga akajishika kichwa. Mtu amekuja kudai papai livuke, anaomba lisivuke?

Liwali alifurahi mpaka masikio yakamcheza. Akasema hana pingamizi hata kidogo. Akasema laiti wote wangekuwa na akili kama huyu mdogo. Na kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuonekana mkali mbele ya watu, akaongeza lake mwenyewe. "Tena atakayevuka na kitu kinachooza kabla ya hukumu, Sajini amkamate bila kuangalia cheo. Awe nani, awe nani."

"Imeamriwa," akasema Hakimu.

"Nimesikia, mzee," akasema Sajini Mamba kutoka majini. Sajini alikuwa mtu wa amri. Ukimwamrisha auze mama yake, angekuuliza tu ampeleke soko gani.

Hapo Liwali akaona kazi yake imekwisha. Akafungua mdomo. Akapiga mwayo wa siku ile, mwayo mkubwa kuliko yote, unaona meno, unaona koo, unaona mpaka chakula cha jana. Aaaah-wuuu!

Fyu! Hakimu akawa mpira. Akaserereka kutoka kichuguuni, gala gala gala, tuli.

Kesi ikaahirishwa.

Liwali akajifuta mdomo, akateremka kwenda majini kulala. Mguu wa kwanza haujagusa maji, Sajini Mamba akaibuka mbele yake.

"Mzee, samahani. Tumboni kuna nini?"

Liwali akamwambia aache upuuzi. Sajini akauliza tena, kwa heshima ileile, kama tumboni mna majani. Liwali akasema ndiyo mna majani, kwani yeye alitaka mwe na nini. Sajini akauliza kama majani yanaoza. Liwali akalitazama tumbo lake.

Pimbi alikuwa ameshapanda jiwe, amejilaza kifudifudi, jua linamwingia mgongoni. Akasema kutoka kulekule juu:

"Tumbo ni chombo, Liwali. Lina mdomo, lina nafasi, na kitu kikiingia kinakaa. Amri yako mwenyewe inasema chombo chochote. Mimi langu ni tupu tangu jana, Sajini anaweza kuligonga asikie."

Sajini akamwendea, akamgonga tumbo. Tii, tii. Tupu. Akarudi majini akamwambia Liwali kwamba huyu anaruhusiwa kuvuka, mzee ndiye abaki.

Liwali akasema basi ngoja kwanza alitue gunia lenyewe hapo nyasini, dakika moja tu. Watu wakageuka kumpa faragha. Wakangoja. Hakikutoka kitu.

Ngoja niwaeleze, maana wengine mnanikodolea macho. Ukoo wa Viboko una desturi yao ya tangu mababu. Haja kubwa wanaifanyia majini. Nchi kavu haiji. Unaweza kumbembeleza, unaweza kumtishia, haiji. Kwa hiyo Liwali hawezi kuingia majini mpaka atoe mzigo, na hawezi kutoa mzigo mpaka aingie majini. Akajaribu. Akajikaza mpaka macho yakatoka. Haikuja.

Jua likapanda.

Liwali akamwendea Hakimu, akamwita, "Hakimu, amka utoe hukumu!" Sauti ya Kiboko mnaijua. Kaza! Mpira ukajikaza zaidi. Akamwita mara ya pili, kwa hasira. Kaza! Akamwita mara ya tatu, akapiga mguu chini. Kaza! Sasa hata kucha haikuonekana.

Jua likapanda tena. Ngozi ya Kiboko si ngozi ya kukaa juani. Ikaanza kukauka mgongoni, ka, ka, ka, kama matope ya kiangazi. Jasho jekundu likamtoka. Akakimbilia kivuli cha kichuguu, kivuli kikamtosha sikio moja.

Na Pimbi je? Pimbi aliota jua. Kazi yake ileile ya kila siku. Lakini msidhani alistarehe. Jicho moja lilikuwa kwa Liwali, jicho la pili lilikuwa kwenye kikapu. Asubuhi papai lilikuwa na njano upande mmoja. Jua lilipofika utosini likawa na njano pande mbili. Jua lilipoinama papai likawa njano lote, na karibu na kikonyo pameanza kulainika. Jioni ile lilikuwa dawa. Kesho yake lingekuwa uji wa inzi, na Mashavu alikuwa akingoja huko miambani na mdomo wake.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wakiangalia nani ataoza kwanza.

Akaanza Liwali. Alikuja chini ya jiwe, ngozi imepasuka mistari mistari, akasema kwa sauti ya mtu aliyenyweshwa majivu:

"Pimbi, mwanangu. Unataka nini?"

Pimbi akamwambia anataka Liwali amweleze Hakimu kwamba haiungi mkono tena marufuku yake. Mbele ya Sajini. Mbele ya watu.

"Nitamwambia. Lakini haamki."

"Haamki kwa sababu unanguruma. Sema kama unavyomwambia mtoto alale."

Liwali hakuwahi kusema hivyo maisha yake yote. Alijifunza palepale, watu wanamtazama. Akapiga magoti kando ya ule mpira, akashusha sauti, akashusha tena, Pimbi akamwashiria kwa mkono shusha bado. Mwishowe Liwali akanong'ona:

"Mheshimiwa. Marufuku siitaki. Tafadhali."

Tuli.

Tuli.

Kidogo, pua ikachungulia. "Nani huyo anayeongea vizuri?" akauliza Hakimu.

Wakamwambia. Hakuamini, akaomba aonyeshwe. Alipoona kweli ni Liwali, amepiga magoti, mdomo umefungwa, akapanda kichuguu chake akajipangusa vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu kivuko kianze akatoa hukumu siku ileile ya kesi. Akasema marufuku hii imefutwa, kwa kuwa hata aliyeitunga ameshindwa kuishi nayo toka asubuhi hadi alasiri. Papai livuke. Mapera yavuke. Maembe yavuke. Kisha akaongeza, "Na matumbo yavuke."

Hakumaliza neno. Chubwiii! Maji yakapanda mpaka kwenye mawe, samaki wawili wakajikuta nchi kavu. Halafu, samahanini mliokula, mto ukabadilika rangi kwa muda.

Pimbi hakungoja kushangilia. Alijitwika kikapu akavuka, mbio mbio, papai linamlalia shingoni. Alimkuta Mashavu amelala ubavu, mama yake anampepea. Akalipasua, akatoa mbegu, akampa kijiko cha kwanza. Mashavu akakiweka ulimini, akangoja kuumia. Haikuuma. Akameza. Akala nusu ya papai, akala nusu ya pili, akakwangua ganda mpaka likawa jembamba kama jani. Siku tisa hakuwa ametamka neno. Akamtazama baba yake akasema:

"Lingine."

Ngano yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, kuleni ingali mbichi. Kama imeoza, nirudishieni, nina shemeji wa kumuuzia.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo hairuhusiwi. Funzo ni hili: enyi wanyonge, msiende mahakamani. Mnapoteza muda. Kaeni nyumbani, kuleni matango mliyopewa, na mshukuru serikali yenu. Msinikodolee macho. Ngano yenyewe niliivusha tumboni, lakini funzo lilipitia ukaguzi.