Simu ya Mwezi wa Tisa

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wanazeeka polepole na simu zao zinazeeka mbio, alikuwepo mama mmoja huko milima ya Upare, jina lake Nakiete. Alikuwa na shamba la tangawizi, nyonga inayomsumbua na watoto watatu. Mkubwa ni Eliamani, mpima ardhi, anaishi Dar es Salaam. Wa kati ni Naeli, muuguzi, yuko Moshi. Wa mwisho ni Kiondo, fundi cherehani, yuko Same mjini, chini ya mlima.

Katika familia hiyo simu ilikuwa inashuka kama maji ya mfereji, kutoka shamba la juu kuja la chini. Eliamani akinunua mpya, ya zamani inashuka kwa Naeli. Ya Naeli inashuka kwa Kiondo. Ya Kiondo inashuka kwa mama. Kwa hiyo mama hakuwahi kushika simu ambayo haijachoka. Aliyokuwa nayo ni kitochi kilichofungwa raba, kitufe cha tano hakibonyezeki, na kila aliyekuwa na tano katika namba yake alikuwa hapigiwi, anangojwa apige.

Sasa mfereji huo ulikuwa umekauka mwaka wa nne. Eliamani hanunui. Kila simu mpya ikitangazwa anasoma sifa zake zote, anatazama video za watu wanaofungua boksi, halafu anatikisa kichwa. "Hii ni ile ile ya mwaka jana," anasema, "wamebadilisha rangi na bei. Simu yenyewe hasa inakuja mwezi wa tisa." Mwezi wa tisa ukifika, simu yenyewe hasa inakuwa ya mwezi wa tisa mwingine. Msimcheke. Hakuwa bahili yule. Alikuwa ameapa kwamba matangazo hayatamdanganya, na kiapo chake alikitunza.

Nakiete hayo hayakumuumiza kichwa. Kwake simu ni ya salamu, na salamu kitochi kinazifikisha. Kilichokuja kumuumiza kilikuwa mbali, kilikuwa Tabora.

Alikuwa na dada yake, Namsifu, kiziwi tangu kuzaliwa. Wakiwa watoto, wakichunga mbuzi, wawili hao walijitungia lugha yao ya mikono. Kugusa ukingo wa kofia ni baba, kwa sababu baba yao havui kofia. Ngumi kifuani ni hasira. Kupuliza kiganja, kama mtu anayepuliza unga, ni kwisha. Watoto wengine waliwacheka, watu wazima waliwahurumia, wao wakaendelea kusema. Baba yao akawanunulia bangili mbili za shaba, kila mmoja avae mkono wa kulia, ili ikimeta ng'ambo ya bonde mwenzake ajue anaitwa.

Namsifu akaolewa Tabora. Miaka ikapita. Baba akaugua, na kazi ya kumwita Namsifu ilikuwa ya Nakiete. Nakiete akasubiri. Alijiambia, baba atapata nafuu, kwa nini nimsumbue dada na safari ndefu? Akasubiri wiki, akasubiri ya pili, baba akafa. Namsifu alifika siku ya nne, kaburi limekwisha jengwa. Alikaa siku mbili, mikono ameifumbata mapajani, hakusema neno. Akapanda gari akarudi. Miaka ishirini, wasikilizaji wangu, miaka ishirini hawakuonana tena. Asiyesikia hapigiwi simu, asiyesoma haandikiwi barua, na nyonga ya Nakiete ikawa haikubali tena safari ya siku nzima. Aliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na mwiba uliovunjikia ndani.

Basi mwezi wa kwanza akapiga Mwavita, binti wa Namsifu.

"Shikamoo mama mdogo. Mama moyo wake umechoka. Daktari amesema tumtunze tu. Kila siku anaonyesha bangili, halafu anaonyesha mlima. Mimi simu yangu ina picha. Ungekuwa nayo ya picha, mngeonana hata leo."

Nakiete hakuwa mtu wa kuomba. Siku hiyo aliwapigia watoto wake, na yule mwenye tano katika namba yake, Eliamani, akangojwa hadi jioni alipopiga mwenyewe.

"Mama," alisema Eliamani, "umevaa mitumba ya simu maisha yako yote. Safari hii hutashushiwa. Utapata mpya, wa kwanza kuishika ni wewe. Lakini zilizopo sasa kamera zake za mbele ni za kubahatisha, mikono ikienda haraka inakuwa ukungu. Kwa kuzungumza na mama mkubwa hazifai. Inatoka moja mwezi wa tisa, nimeifuatilia, hiyo hata kidole kimoja hakipotei. Tusubiri."

"Moyo wa mtu hausomi kalenda, kaka," alisema Naeli aliposimuliwa. Hakusubiri. Alipanda mlima Jumamosi ile ile na simu yake mwenyewe, kioo kimepasuka kama ugoko wa mchunga mbuzi, akamwachia mama. Yeye akarudi kazini na kitochi cha kuazima. Muuguzi mzima, wenzake wakipeana zamu kwa ujumbe, yeye anapigiwa kama nesi wa enzi za ukoloni. Walimtania. Akavumilia.

Simu ikaita Tabora. Na uso wa Namsifu ukatokea.

Nakiete alilia, na kule dada yake alilia. Walishika vioo kwa viganja. Walionyeshana mvi, wakacheka mapengo. Namsifu akainua mkono wenye bangili, akagusa ukingo wa kofia ambayo haipo: baba. Akajinyooshea kidole: mimi. Akapiga ngumi kifuani: hasira. Na hapo simu, iliyokuwa imekwisha pata moto, ikaganda. Uso umeganda, ngumi imeganda, kisha giza.

Walipojaribu kesho yake, simu iliandika kwamba ni ya zamani mno, huduma ile haitafanya kazi tena humo. Video aliyotumiwa na Mwavita haikufunguka, na simu ya Kiondo ilikuwa ya zamani zaidi ya hiyo. Mwavita naye lugha ile ya utotoni hakuijua, alielewana na mama yake kwa ishara za nyumbani tu. Kuazima simu ya jirani Nakiete hakutaka. Msiba wa baba yake haukuwa wa kutazamwa na nusu ya kijiji. Akabaki na nusu ya sentensi. Baba. Mimi. Hasira. Alikwenda nayo shambani, akarudi nayo. Chakula kikamshinda. Miaka ishirini alikuwa hajui kama dada yake ana hasira, sasa alidhani anajua, na kujua huko kulikuwa kubaya kuliko kutojua.

"Unaona?" Eliamani alimwambia Naeli. "Nilisema tusubiri."

Naeli akakata simu. Aliumia kwa sababu alitaka kutenda wema, na wema wake ukaenda kukatikia mahali pabaya kuliko pote.

Kiondo, fundi cherehani, alikuwa amenyamaza muda wote huo, kwa sababu katika mambo ya simu hakuna aliyemwuliza. Alipopanda mlima akamkuta mama yake amekonda, alifunga cherehani yake msimu wa sare za shule, msimu ambao fundi hulala akiota vifungo. "Mikono haina chaji ya kuisha," alisema. Akapanda basi kwenda Tabora.

Alikaa kwa mama yake mkubwa siku tatu. Lugha ile haijui, isipokuwa vineno viwili vitatu alivyoviona utotoni. Alichokifanya ni kile anachokijua fundi: alichukua vipimo. Namsifu alisema sentensi yake yote, Kiondo akaiiga. Namsifu akamkosoa, akamshika vidole, akavipanga. Akaiiga tena. Mara kumi, mara ishirini, mpaka mama mkubwa akaitikia kwa kichwa, anafurahi. Njiani kurudi, basi zima lilimwona akijipiga kifua na kupuliza viganja. Abiria wa pembeni yake akahamia kiti cha nyuma bila kuaga.

Alipofika nyumbani hakunywa hata maji. Alisimama mbele ya mama yake, akagusa ukingo wa kofia. Akajinyooshea kidole. Akapiga ngumi kifuani. Nakiete akafumba macho. "Mama, fumbua," alisema Kiondo, "haijaisha." Nakiete akafumbua. Kiondo akatembeza vidole viwili juu ya mkono wake, njia yote hadi kwenye kiwiko. Akamnyooshea mama kidole. Akavuta mashavu ndani. Kisha akafungua kiganja, akapuliza.

Nakiete akaisoma yote: Siku ya baba nilikuwa na hasira njiani kote. Nilipofika nikakuona ulivyokonda, ikaisha.

Kiondo mwenyewe hakujua alichokisema. Alimwona tu mama yake akikaa chini, pale pale uani, juu ya majani ya tangawizi, analia na kucheka, na usiku huo alikula.

Lakini mtu aliyesamehewa naye ana lake la kusema. Nakiete alitaka kujibu. Alitaka kusema, mbona basi hukuifungua mikono? Alitaka kusema, nisamehe, nilisubiri. Angemfundisha Kiondo jibu lake na kumrudisha Tabora, lakini kijana alikuwa amepoteza wateja wa msimu mzima, na kila jibu lingezaa swali, na kila swali basi lingine.

Mwezi wa tisa ukafika. Simu ikatoka kweli. Ikachelewa kuingia nchini, ikafika mwezi wa kumi na moja. Eliamani alipanga foleni tangu alfajiri, akanunua moja, akapanda nayo mlima siku hiyo hiyo. Yeye akabaki na ile yake ya miaka minne. Na hapa lazima tuseme kweli, hakukosea hata neno. Picha ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Mikunjo ya vidole ilionekana. Kovu la mundu kwenye dole gumba la Namsifu lilionekana.

Kesho yake dada wawili walizungumza kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka kuku walipoingia bandani. Simu haikupata moto, haikuganda. Nakiete aliuliza lililomkaa rohoni, na Namsifu akajibu: mikono ilikuwa mizito kwa kilio, nilidhani utaifungua yako kwanza. Kumbe kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake! Wakasema ya baba, ya mbuzi, ya waume zao, mengine ya kucheka ambayo Eliamani, aliyekaa kando, hakutafsiriwa. Miaka ishirini ikasemwa mchana mmoja.

Siku ya kumi baada ya hapo, Namsifu akafariki.

Watoto wote watatu walirudi mlimani Desemba, kama watu wa huko wanavyorudi. Wakakuta mezani kifurushi kilicholetwa na basi kutoka Tabora. Ndani yake bangili ya shaba, na Mwavita amesema kwa simu: "Mama aliivua mwenyewe. Alionyesha kwa mikono kwamba apewe mtoto aliyemkutanisha na mdogo wake. Nikamwuliza ni yupi. Akaonyesha kwamba mama mdogo anajua."

Mama mdogo hakujua. Akawaambia watoto wake waseme.

Naeli akasema: "Mimi nilileta uso. Wenzangu walikuwa wanapima, nikatoa simu yangu mwenyewe. Kama si mimi, mama asingemwona dada yake mwezi wa kwanza akiwa bado ana nguvu za kucheka. Sentensi ilikatika, ni kweli, na iliniuma. Lakini bila nusu ile, nani angekwenda kutafuta nusu nyingine?"

Kiondo akasema: "Mimi nilileta neno. Sikununua wala sikusubiri kitu. Ninyi nyote mlikuwa mnatafuta kioo kizuri, mimi nikawa kioo. Mama alikuwa hali chakula, dada. Uso ulimwacha na njaa, neno ndilo lililomlisha."

Eliamani akasema taratibu, maana alikuwa na uzito moyoni: "Mimi nilileta jibu. Uso ulikatika, na neno lilikuwa la kwenda tu, halina kurudi. Mchana ule mmoja walizungumza kama watu, yote mpaka mwisho. Ningenunua mapema ningenunua ukungu. Mnadhani sikuhesabu siku? Nilizihesabu kila asubuhi, naogopa."

"Miezi kumi, kaka," alisema Naeli. "Angekufa mwezi wa kumi je?"

Eliamani akainamisha kichwa.

"Mwache kaka yako," alisema Nakiete. "Mimi pia nilisubiri, tena kwa nia njema kama yake, nikamzikia dada yangu baba bila yeye. Yeye kasubiri na kafika. Kumhukumu sina mdomo. Na wewe ulikimbia, ukaniletea furaha na mateso katika dakika moja. Hayo yote mawili nayataka, sirudishi hata moja. Na huyu mdogo wako alinisemea asichokijua. Mnaniambia nichague mkono upi niukate?"

Kisha Eliamani, kwa mazoea tu, maskini, akasema kwamba mwakani inatoka nyingine, inaona hata gizani, na kama mama akitaka ataibadilisha.

Nakiete akaitazama simu ile nzuri juu ya meza. "Itanionyesha nani, mwanangu?" aliuliza, na hakumwuliza kwa ukali.

Bangili ni moja, haikatwi wala haigawanyiki. Nakiete ameivaa juu ya ile yake kwa muda, mkono wa kulia, na kila akichimba tangawizi zinagongana. Lakini si yake, anajua, na hawezi kukaa nayo. Aliyeleta uso akafika mapema, uso ukakatika. Aliyeleta neno akalibeba bila kulielewa. Aliyeleta jibu akalileta kamili, zimebaki siku kumi. Na mama amechoka kusubiri. Basi ninyi mlioketi hapa na simu mifukoni, semeni sasa hivi, msingoje mwezi wa tisa: je, bangili ya Namsifu avishwe nani?