Wastani wa Waziri Badi

Hapo zamani, katika mji wa Kitwana, alikuwako Sultani aliyependa sana vipimo, na Waziri, jina lake Badi, aliyependa sana kumpendeza Sultani. Basi Waziri akatunga amri, ikapigwa mbiu: mwanafunzi atakayeuzidi wastani wa alama za shule nzima atapewa hati ya kuhitimu, asiyeuzidi atabaki shuleni, akila na kuvikwa kwa mali ya hazina, mpaka auzidi. Na mlango wa shule uwe wazi kwa kila raia, mkubwa kwa mdogo.

Wazazi wakaingiwa na hofu, watoto wakasomeshwa mpaka macho yakawa mekundu. Mtihani ukaja, ikawa wote wamepata mia kwa mia. Mji ukapiga vigelegele. Waziri akapiga hesabu.

"Wastani ni mia," akasema. "Nani amezidi mia? Hakuna. Wameanguka wote."

Basi kulikuwa na fukara mmoja, Mbaruku, asiye na shamba wala duka, mali yake ulimi tu. Binti yake Mwanaidi alikuwa ameahidiwa ukarani wa forodha, ila sharti awe na hati. Akikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Baba, nimejibu kila swali!" akalia.

"Ndilo kosa lenu hilo, mwanangu. Mmejua wote, hakubaki wa kutojua. Nyamaza, nitakwenda kuwasaidia kutojua."

Mtihani wa marudio ulipofika, Mbaruku akajiandikisha, akaketi dawati la mbele, magoti yamemfika kidevuni. Watoto wakaandika, yeye akalala, akarudisha karatasi nyeupe kama alivyoipokea. Ikawa watoto wana mia zao, Mbaruku ana sifuri, na wastani ukashuka chini ya mia. Waziri akakokotoa, akarudia, hesabu ikakataa kumtii. Hati zikatolewa, Mwanaidi akaenda forodhani.

Mbaruku akabaki shuleni peke yake. Akala pilau ya hazina, akavikwa kanzu mpya, akanenepa. Kila mtihani akafanya, na kila mtihani hakuhitimu, hata Sultani akamwita barazani.

"Ewe Mbaruku, hazina inalia. Utahitimu lini?"

"Bwana wangu, Mungu akuweke, najitahidi. Juzi nimepata sabini. Lakini mwanafunzi ni mimi tu, basi wastani nao ni sabini. Nikipanda unapanda, nikishuka unashuka. Nifundishe, bwana: mtu hujizidi vipi?"

Sultani akamgeukia Waziri. 

"Hakuna dawa?"

"Iko, bwana," akadakia Mbaruku. "Aje mwenzangu apate chini yangu. Ila watoto wa mji huu wanajua mno. Labda tutafute miongoni mwa wakubwa."

Baraza zima likashikwa na kikohozi. Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Badi, amri ni yako. Kesho uingie darasani, nawe upate sifuri."

Waziri akaingia, akaipata. Alikuwa na ruhusa ya kukosea kwa makusudi, lakini msahihishaji aliapa kuwa hakuona dalili ya makusudi. Mbaruku akatoka na hati yake, na kanzu akaachiwa.

Waziri angali pale, mwanafunzi pekee, akijitahidi kujizidi. Nasi tuliokwisha kuhitimu tumwache asome.