Kitanda cha Mama Mkwe

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na ubao.
Ukapigwa randa!
Ukawa nini?
Kitanda!
Na fundi je?
Mvivu!

Hapo kale, mchwa walipokuwa bado wanasemezana na watu, fundi Mkadamu alimpenda Zena. Mama yake Zena, Bi Mwanakheri, akamwambia, “Nataka kitanda cha mninga. Kikishalala kichuguuni usiku kucha bila kuliwa, binti ni wako.”

Mninga mgumu, jamani. Unapiga randa, jasho. Unapiga randa, jasho. Mkadamu akaenda kukata msufi, mti mwororo kama muhogo uliochemka. Akaupaka maji mekundu ya magome ya mkoko. Kitanda kikawaka wekundu kama mninga!

Akakibeba kichwani akipiga mluzi. Alipofika uani kwa Bi Mwanakheri akakumbuka kwamba mninga ni mzito, akaanza kuguna.

“Pole, baba,” akasema Bi Mwanakheri. “Mbona umeanza kuchoka mlangoni?”

Jua lilipozama kitanda kikawekwa kichuguuni. Mkadamu akapiga magoti.

“Mchwa, wajomba zangu, msikile!”

Mchwa wakaimba: “Tusile kitanda, tule nini?”

“Kuleni kigoda changu.”

Wakaenda, wakala kigoda, wakarudi. “Tusile kitanda, tule nini?”

“Kuleni mlango wangu.”

Wakaenda, wakala mlango, wakarudi na njaa ile ile. “Tusile kitanda, tule nini?”

Mkadamu akamkumbuka Zena, akafumba macho. “Kuleni nyumba!”

Kulipokucha, Bi Mwanakheri akakizunguka kitanda, akakigonga, akakinusa. “Hata jino moja! Haya, mwanamume, tumpeleke mkeo kwako.”

Ngoma mbele, vigelegele nyuma, hadi kwa Mkadamu. Wakakuta rundo la vumbi na sufuria moja.

“Mkadamu,” akauliza Zena, “mlango uko wapi?”

“Upo... lakini umesafiri.”

Mchwa wakapaza sauti kutoka vumbini: “Ahsante, mjomba! Nyumba tumeimaliza, na msufi wako hatukuugusa, kama tulivyoagana!”

“Msufi?” Bi Mwanakheri akavua kiatu. “Msufi! Nilale juu ya mto wenye miguu?”

Zena akamshika mkono. “Mama, muongo ni muongo. Lakini nani mwingine aliyewahi kulisha mchwa nyumba nzima kwa ajili yangu? Mwache. Atengeneze kitanda cha mninga hapa uani kwetu, na wewe ukimwangalia. Kikipita, nitaolewa.”

Basi Mkadamu akapiga randa, jasho. Akapiga randa, jasho. Bi Mwanakheri kando yake akitafuna tambuu: “Bado, mkwe. Hapo bado.” Na kila jioni mchwa mmoja mzee alikuja, akaonja chembe ya ubao, akatema.

“Pfu! Chungu!”

Mkadamu alikuwa hajapata kusikia neno tamu kama hilo maisha yake yote.

Ngano yangu imeketi. Funzo lake: ukikwepa jasho la ubao mgumu, utalitoa baadaye, tena mama mkwe akitazama. Mimi nimelala nchi nyingi, na kila kitanda nilichopanda kimelia. Huwa nalaumu mbao. Wenyeji huniangalia tumbo. Ikiwapendeza, gawaneni, isipowapendeza, nirudishieni, nitaipiga randa upya.