Kaburi la Kifaransa, Kitanda cha Kihispania

Asisinzie mtu. Hadithi hii nikiifikisha mwisho nitaiacha mikononi mwenu, na si nyepesi kuibeba.

Ujiji palikuwa na mjane, Bi Zabibu, mama wa watoto watatu. Mwamini, wa kwanza, aliolewa Bujumbura, akauza vitenge sokoni hadi Kifaransa kikamkaa kinywani kama mswaki. Salha, wa pili, alipelekwa Kuba kusomea uuguzi. Alirudi na cheti, na Kihispania, na mchumba wa Malabo, mji wa Afrika hii hii ambako watu huzungumza Kihispania. Kitinda mimba alikuwa Yasini, seremala. Yeye alijua Kiswahili chake na msumeno wake, na msumeno ulishamla kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mkewe alifariki akamwachia binti, Siwema, wa miaka sita, aliyelala kitanda kimoja na bibi yake.

Yasini aliondoka kuitafuta Ulaya kwa kupitia upande linakozama jua. Miezi minane, kimya. Kisha ikaja picha kwenye simu ya Bi Zabibu: kitambulisho cha Yasini, na chini yake namba na maneno ya Kifaransa. Mwalimu mmoja aliyasoma, akavua kofia. Ni maiti, alisema, na itazikwa Ijumaa.

Mabinti wakaja matangani. Bi Zabibu alinunua sanda ingawa hapakuwa na wa kuvishwa, akaishika mapajani siku nzima. Alhamisi, mbele ya waombolezaji, akatamka: "Atakayenirudishia mwanangu, Siwema ni wake. Amchukue, amlee, ampe lugha yake." Aliropoka hivyo kwa kuwa aliamini hakuna wa kumrudisha. Mtu huahidi makubwa pale anapodhani hatadaiwa.

Mwamini ndiye aliyeipiga ile namba. Akajibiwa na mzee wa makaburi wa mji mmoja wa pwani, magharibi kabisa ya Afrika. Mwamini hakulia. Alimhoji kwa Kifaransa kama anayekagua kitenge: urefu, meno, makovu, mwisho vidole. Mzee akaenda kuhesabu, akarudi. Kumi. "Basi huyo si wetu," alisema Mwamini, na hakukata simu. Aliuliza hadi akaambiwa kuwa Yasini alimuuzia marehemu huyo koti lake, kitambulisho kikiwa mfukoni, apate nafasi kwenye mtumbwi uliokuwa ukielekea visiwa vya Wahispania, siku kumi na moja zilizopita. Akawasumbua watu wa bandari ya kule, tena kwa Kifaransa, mpaka wakaviarifu visiwa kwamba kuna mtumbwi umepotea. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akiutafuta.

Mtumbwi ukaonekana. Wengi walikuwa wamekufa. Hapo ndipo Salha alipoichukua simu. Alipiga hospitali za visiwa moja baada ya nyingine kwa Kihispania, hadi akampata muuguzi aliyemwambia yupo mtu asiye na jina, hana fahamu, mguu umeoza, na vidole vyake ni tisa. Wanakaribia kumdunga penisilini. Salha akakumbuka Yasini alipokuwa mtoto, uso umevimba hadi macho yakafumbwa na sindano hiyo hiyo. Akawaambia waiweke chini. Wakaiweka. Kwa wiki tatu aliwaelekeza huko, akamsemesha mdogo wake kwa simu iliyowekwa sikioni mwake, mpaka Yasini akafumbua macho.

Alirudi nyumbani kwa magongo. Ngoma haikupigwa, maana uso wake haukuomba ngoma. Na matanga hayajafungwa sawasawa, mabinti wakaanza kumgombea Siwema.

Mwamini alidai kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya maana. Ukivuka ziwa tu unakihitaji, na ukitembea wiki nzima kwenda magharibi bado unakihitaji. Salha akacheka. Akasema nchi za Kifaransa ni nyingi, sawa, lakini wengi wao wamekiazima, hukivaa kwenda ofisini na kukivua jioni. Kihispania watu huzaliwa nacho, Amerika nzima ya kusini, ukiondoa nchi chache.

"Hao wako ng'ambo ya bahari, mdogo wangu," alisema Mwamini. "Siwema atakwenda kuwaamkia kwa miguu?"

"Dada, Kifaransa kilimpa Yasini kaburi. Kihispania kikampa kitanda."

"Na nisingelikataa hilo kaburi, kitanda chako kingemlaza nani?"

Bi Zabibu alikimbilia kwa shehe. Shehe akampa nafuu: mtoto ni wa baba yake, bibi hana mamlaka ya kumwekea nadhiri. Akarudi mbio na habari hiyo. Yasini akaisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mtoe, mama," alisema. "Kule majini tuliapa sote, kila mtu kwa alichonacho. Walioapa uongo waliondoka kwanza. Niliwaona."

Tangu hapo Bi Zabibu hajapata raha. Kila Alhamisi mguu wa Yasini huvimba, joto likapanda, akaanza kuhesabu watu wa mtumbwini kwa majina, na kila Alhamisi huongeza jina moja. Wiki iliyopita alifika kwenye jina lake mwenyewe, akaishia hapo. Salha, muuguzi mzima, alipima akasema haoni ugonjwa. Sanda bado imo sandukuni, na duka halirudishi sanda.

Siwema amefungiwa vitu vyake katika kanga. Mwamini amemwekea nafasi kwenye gari la Bujumbura. Salha amemnunulia viatu vya kupandia ndege. Mtoto huwaamkia shangazi wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, hapendelei, kisha hukaa kizingitini akauliza, "Bibi, wewe unakuja na nani?" Bi Zabibu hujibu kwamba anasonga ugali, asisemeshwe.

Haya, nyie mnaojua kila kitu. Mmoja alimtoa kaburini, mmoja akamtoa kitandani, na mtoto ni mmoja, hagawanyiki kama sabuni ya mche. Ungekuwa wewe Bi Zabibu, mkono wa Siwema ungeutia katika mkono wa nani? Jibuni, wala msichelewe. Leo ni Jumatano.