Jogoo wa Mize

“Mla jogoo asingoje kuitikiwa.” Mmeusikia msemo huo asubuhi mkacheka, mkadhani ni mzaha wa walafi. Si mzaha. Una mwenyewe, na ulianza hivi.

Kijijini Mkunguni aliishi mwanamke akiitwa Mize, mke wa nahodha Machano. Mlango wa bandari yao ulikuwa mwembamba, mwamba huku na mwamba huku, na siku za mvua ukungu wa asubuhi uliufunika wote. Basi Mize akafuga jogoo, akampa mumewe asafiri naye. Wazee waliamini jogoo humwona malaika, hawiki bure. Chombo kikikaribia, jogoo akiwika ndani ya ukungu, Mize alisimama pwani penye mlango huo akagonga upatu wake wa shaba, na Machano akaifuata sauti ile mpaka nyumbani. Walifanya hivyo miaka saba.

Mwaka mmoja Idi Kubwa iliwakuta wanaume baharini. Asubuhi ya Idi pili Mize alikuwa pwani, upatu mapajani, pilau ya mumewe ameiacha imefunikwa nyumbani. Ukungu ulikuwa mzito.

Jirani yake, Bi Tatu, akamwambia, “Gonga, mwanangu. Moyo wangu unaniambia wapo.”

“Nimgongee nani, Bi Tatu? Wangekuwapo, jogoo wangu angewika.”

Akangoja. Jua likapanda, ukungu ukaondoka, na jamani! Mwambani zilikuwa zikielea mbao, kamba na kanzu mpya za Idi. Aliyefika ufukweni hai ni mmoja tu, Pandu, mdogo wake Machano.

Mize alimshika mabega. “Kaka yako yuko wapi?”

Pandu akaangua kilio. “Shemeji, tulikuwa pale tangu alfajiri! Kaka alisema, ‘Tulieni, Mize atagonga tu.’ Tukasikiliza mpaka mkondo ukatuvuta mwambani. Mbona hukugonga?”

“Mbona jogoo hakuwika?”

Pandu akainamisha kichwa. “Tulimchinja jana. Tulisema Idi gani hii isiyo na nyama? Kaka alikataa. Tukamwandama kwa maneno, mwishowe akasema haya, kesho tuko nyumbani.”

Watu hawa! Dini haikuwadai jogoo. Tumbo ndilo lililowadai.

Mize hakumtukana shemeji yake. Nguvu za kutukana angezitoa wapi? Alikaa mchangani, machozi yakimtiririka.

“Mume wangu alikuwa hapa, Pandu,” akasema. “Hapa karibu, akiningoja, nami nimekaa kimya. Jogoo ndiye aliyekuwa akiniita. Mlipomla, mlitaka nimwitikie nani?”

Maji yalimleta Machano ufukweni, akazikwa alasiri ile. Mize alikaa eda yake, na maisha yake yote aliyobakiwa nayo alijiuliza kwa nini hakumsikiliza Bi Tatu. Hakuna aliyeweza kumtuliza. Lakini watu wa Mkunguni waliyashika maneno yake, na ndivyo tunavyomwonya mpaka leo anayekiteketeza kwa furaha ya siku moja kile kinachomfikisha nyumbani: mla jogoo asingoje kuitikiwa.